Nchi Gani Itamhesabu Mumbere

Alhamisi, 19 Machi 2020. Masisi, mashariki ya Kongo
Shule zimefungwa nchi nzima. Mkuu wa shule aliwakusanya wanafunzi uwanjani, akawaambia warudi kwao mpaka watakapoitwa. Wavulana wa darasa la mwisho walishangilia. Wasichana waliniuliza mimi, mwalimu wao wa jiografia, juu ya mtihani wa serikali. Mvua ilinikuta njiani. Papa alinikuta jikoni nakausha viatu, akasema ugonjwa huu ni wa watu wanaopanda ndege, kwetu utapita juu kwa juu.

Jumamosi, 21 Machi
Papa Édouard, anayeendesha redio yetu ndogo hapa mjini, amekuja nyumbani na ombi. Anataka kila jioni nizungumze nusu saa juu ya nchi moja: ugonjwa umeingiaje huko, wamefunga nini, watu wao wanaendeleaje. Anasema wanafunzi watajifunza jiografia na wazazi watapunguza uvumi. Nilikubali kabla hajamaliza chai. Kipindi kitaitwa "Nchi kwa Nchi".

 Mgeni alipoondoka Papa aliniambia nisisahau kusifu Ubelgiji, kwa sababu ya kaka yangu aliyeko huko.

Jumapili, 22 Machi
Hakuna misa. Rwanda imefungia watu wake majumbani na mpaka wa Goma umefungwa. Nimeanza na Italia. Nilisoma polepole, na hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu ikitaja majeneza kama mtu anayetaja mazao.

Ijumaa, 27 Machi
Mvua mchana kutwa. Barabara ya Sake imekatika karibu na Mushaki. Wafugaji wa huko wanarudi na jibini zao kwa sababu wanunuzi wa Goma hawaji.

Jumatano, 1 Aprili
Mumbere ametuma ujumbe wa sauti kwa simu. Ni kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Papa, yuko Liège mwaka wa tisa sasa, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Kétsia, huku tuko tunavaa mifuko ya takataka. Tunaipasua mahali ya kichwa na ya mikono, njo tunaingia kwa wazee. Maski moja ni ya juma nzima. Usiambie Papa."

Nilimwambia Papa. Nilidhani atahuzunika, kumbe alicheka. Kwake haiwezekani Ulaya ikose maski, yaani barakoa, nchi inayotuma maski kwetu kila mara ugonjwa unapolipuka. "Huyu mutoto anakutania," alisema, akarudi kwenye mabati yake. Papa, ambaye mjini wanamwita Papa Kataliko, anauza mabati, misumari na saruji, na ana imani na kitu chochote kilichotoka kiwandani mbali.

Jioni nilisoma Korea ya Kusini.

Jumanne, 7 Aprili
Nyiransabimana, mama anayetuletea maziwa, alinisubiri leo mlangoni. Anaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, Lushebere. Huchukua maziwa kwa wafugaji wa vilimani na kuyatembeza mjini kwenye kidumu cha njano. Papa anampokelea dirishani na kumwita "mama wa maziwa". Yeye hana imani na watu wa kambi, na sijawahi kumsikia akiwauliza habari zao.

Aliniambia anasikiliza kipindi changu kwenye redio ya jirani. Alitaka kujua kama hizo nchi zingine zina surua, maana kambini watoto wanatoka vipele na kukohoa, na wengine wamekwisha kuzikwa. Nilimwambia zinayo lakini kuna chanjo. Alisema chanjo waliahidiwa, halafu wakaambiwa wangoje kwanza hii corona ipite.

Nilipeleka neno hilo kwa Papa Édouard. Alisema kipindi ni cha corona, tukichanganya magonjwa watu watapotea. Nikaweka sentensi moja juu ya surua mwishoni, baada ya Uswidi. Nadhani hakuna aliyeisikia.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka
Papa ameongoza sala sebuleni, mimi na yeye tu. Alimtaja Mama. Mwezi huu anatimiza mwaka mmoja tangu afe kwa Ebola huko Butembo, alikokwenda kumwuguza dada yake. Tulimzika tukiwa tumesimama mbali, watu wenye mavazi meupe ndio waliomshusha. Mumbere alikuwa amekwisha kupata tikiti ya kuja. Papa ndiye aliyemkataza. Alimwambia kwa simu abaki Ulaya, kule hakuna mtu atakayekufa ovyo.

Baada ya sala tulimpigia Mumbere. Alikuwa anakohoa. Alisema ni baridi ya masika ya huko.

Jumanne, 14 Aprili
Mumbere ana homa. Alimpigia daktari, daktari akamwambia abaki chumbani, anywe paracetamol, apige tena akikosa pumzi. Kipimo hakumpa. Wanapima wanaolazwa hospitali tu.

Papa ameniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba daktari hakuja.  Jioni nimesoma Uganda, nikachanganya majina ya miji.

Alhamisi, 16 Aprili
Simu yake haipokelewi.

Ijumaa, 17 Aprili
Mumbere amekufa.

Blandine ndiye aliyepiga. Ni mama wa Goma anayefanya kazi pamoja naye, na aliona hakufika kwenye zamu yake. Alikwenda kwake na mwenye nyumba, wakafungua. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na dirisha, dirisha liko wazi, simu iko mkononi. Blandine anafikiri alitaka hewa. Alilia, akaomba radhi kwa kulia.

Nilikwenda dukani. Papa alikuwa anampimia mtu misumari. Aliniangalia usoni, akaendelea kupima, akaifunga misumari ndani ya karatasi, akamkabidhi mteja, akamshukuru. Kisha akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Ni Mumbere?"

"Ni yeye, Papa."

"Nani alikuwa naye?"

Nikamwambia hakuna. Papa alivua kofia yake, akaiweka magotini, akabaki anaishika ukingo. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka kwa nguvu, kwa hiyo sikusikia alichosema baadaye, na sikumwomba arudie.

Jumapili, 19 Aprili
Serikali za huko hazimsubiri mtu. Ama azikwe haraka, ama achomwe, na hakuna ndege ya kumleta. Papa alisema neno moja tu, "azikwe", na wenzake wa kazi pamoja na parokia moja ya Wakongomani wakapata mahali.

Jumanne, 21 Aprili
Blandine aliahidi kutuonyesha mazishi kwa simu. Mtandao wa nyumbani ni dhaifu, tukapanda kilima kilicho nyuma ya parokia, mimi na Papa, yeye amevaa suti yake ya harusi na mabuti ya mvua. Njia ilikuwa tope tupu. Nilimshika mkono mara mbili, mara ya tatu akanikatalia.

Juu kule mtandao ulikuja. Tuliona nyasi fupi, za kijani mno, na miti isiyo na majani mengi. Watu walikuwa wachache, wamesimama mbalimbali kama vigingi vya ua. Padri alisoma haraka. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, chini yake shimo. Papa alishika simu kwa mikono yote miwili, akaiinua kidogo kila picha ilipokatika, kama mtu anayechota maji kwenye kisima kilichopungua.

Ndipo picha ikasimama. Jeneza likabaki hewani. Tulingoja. Mvua ilianza, nikavua kitenge changu nikamfunika Papa na simu. Picha haikurudi. Betri ilipokufa Papa aliendelea kukiangalia kioo cheusi.

Wakati wa kushuka aliniambia, "Mama yako nilimuona akiingia mu udongo. Nilikuwa mbali, lakini nilimuona."

Blandine ametuma video baadaye, inaonyesha udongo. Papa amekataa kuitazama.

Jumatano, 22 Aprili
Papa Édouard alinitaka nipumzike. Nilikwenda redioni hata hivyo. Watu wamekuwa wakiomba Ubelgiji tangu juma lililopita, kwa sababu wamesikia kwamba ukilinganisha na ukubwa wake, ndiyo inayopoteza watu wengi kuliko nchi karibu zote.

Nilieleza. Ubelgiji inahesabu waliokufa hospitalini, na pia wazee waliokufa katika nyumba za kutunzwa, hata wale wanaoshukiwa tu bila kipimo. Nchi nyingine zinahesabu wa hospitalini peke yao, kwa hiyo zinaonekana nafuu. Kuna nchi hazina vipimo, hizo zinaonekana hazina ugonjwa. Nikasema tusilinganishe namba kabla ya kuuliza nani amehesabiwa.

Mtu alipiga simu kutoka sokoni. Hakuwa na ubaya. Alisema wazungu wana hospitali na mashine na wanakufa, sisi hatuna kitu na tunaishi, basi Mungu amehamia Masisi. Wengine walicheka nyuma yake.

Nikamjibu kwamba kaka yangu amekufa Liège. Hakufia hospitalini. Hakuwa mzee wa nyumba ile, alikuwa mfanyakazi. Hakupimwa. Kwa hiyo inawezekana Ubelgiji haijamhesabu, na Kongo haiwezi kumhesabu kwa sababu hakufia hapa. Papa Édouard akaweka wimbo wa kanisa.

Alhamisi, 23 Aprili
Baada ya kipindi cha jana mji wote umejua. Toka asubuhi watu wamekuja na kuni, maharage, majani ya chai. Mchana alikuja mtu wa ofisi ya teritwari, yaani wilaya yetu. Alikuwa na heshima, alisimama chini ya mvua bila kofia. Alisema anajua uchungu wa Papa, lakini amri inakataza zaidi ya watu ishirini mahali pamoja, matanga nayo yamo katika amri. Nilimwogopea, maana Papa ana hasira. Papa alimsikiliza hadi mwisho.

"Basi wakuje kwa zamu," alisema. "Sina haraka. Kule alipo hakuna mwenye kumulilia, tutamulilia hapa pole pole."

Alihamisha viti mwenyewe, akaviweka mbalimbali barazani.

Jumanne, 28 Aprili
Leo: wauza nyama, halafu walimu wenzangu. Kesho: wamama wa kwaya.

Jumapili, 3 Mei
Inasemekana Tanzania imeacha kutoa hesabu. Niliposoma hilo redioni walinicheka kwa simu, wakasema majirani wamepata dawa, ni kufunga mdomo. Papa alikuwa anasikiliza nyumbani. Nilipofika aliniambia kwa upole kwamba hata sisi hatujawahi kutoa hesabu ya kitu chochote.

Huyu si baba niliyemjua Machi. Zamani alizungumza sana na kusikiliza kidogo. Sasa anakaa barazani na kila anayekuja anamwuliza amemwacha nani nyumbani, na anangoja jibu.

Jumatano, 6 Mei
Michel, dereva wa lori la Papa, amerudi kutoka Walikale na tope hadi shingoni. Lori lilizama njiani, akalala ndani yake siku nyingi, habari ya msiba ikamkuta huko porini. Alipoingia alipiga magoti mbele ya Papa. Hakulia kwa sauti.

Alituletea mawese na habari. Anasema kuna vijiji vya msituni vilivyojifunga vyenyewe. Wameweka matawi njiani na moto, mgeni anasimama upande wa pili anasema anatoka wapi na ameona maiti gani, wazee wanaamua. Hawakungoja amri ya mtu. Chumvi wanaachiwa juu ya jiwe. Jioni nilivisoma vijiji hivyo kama ninavyosoma nchi, pamoja na nguvu zao na njaa yao, kwa sababu Michel alisema pia kwamba mama mmoja aliyekuwa anajifungua kwa shida alizuiwa kutoka kwenda hospitali, akafa upande wa ndani wa moto.

Watu waliuliza kama walifanya vizuri au vibaya. 

Ijumaa, 15 Mei
Mvua zinapungua. Nyiransabimana ameanza tena kuleta maziwa. Hakuwa amepita muda mrefu, tukanunua kwingine. Amekonda. Leo hakuishia dirishani, alitua kidumu akaomba kuingia kwenye zamu ya matanga. Alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango tangu saa nne hadi saa saba, amejifunika kitambaa. Alipoondoka alimwachia Papa maziwa yote yaliyobaki.

Papa aliniuliza jina lake. Amekunywa maziwa yake miaka mitatu.

Jumatatu, 25 Mei
Hakuna mgeni leo.

Ijumaa, 29 Mei
Mambo ya leo nayaandika jinsi yalivyokuwa.

Asubuhi Nyiransabimana alipita. Papa alikuwa barazani na akamwita kwa jina. Alimwambia aketi, akaniagiza nimletee chai, kisha akamwuliza swali analomwuliza kila mtu siku hizi: amemwacha nani nyumbani.

Nyiransabimana alisema amewaacha watoto wawili.

Papa akasema mimi nilimwambia wako watatu. Ni kweli nilimwambia, niliwahi kuwaona wote watatu wakifuatana naye.

Alizungusha kikombe mkononi. Halafu akatueleza, bila kuinua sauti, kwamba mdogo, Rukundo, alichukuliwa na surua. Ilikuwa juma moja kabla ya siku ile aliyokuja kuketi kwetu. Alimbeba hadi zahanati, alikuta foleni imewekwa nje kwa sababu ya corona, na kila mwenye homa na kikohozi aliambiwa asimame peke yake chini ya hema. Alisimama huko na mtoto mgongoni tangu asubuhi. Mchana alihisi mgongo umekuwa mzito kuliko mwanzo. Hakumgeuza kumwona. Alitembea naye hivyo hivyo mpaka Lushebere.

Papa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ulikaa hapa mpaka saa saba," alisema. "Sababu gani haukuniambia?"

"Nilikuja kwa wako, Papa. Haikuwa siku ya wangu."

"Na kwa wako, nani alikuja?"

Alisema kambini watoto walikuwa wanaondoka karibu kila siku juma lile. Kila hema lilikuwa na lake. Jirani alichimba kaburi naye, basi.

Alimaliza chai, akabeba kidumu chake akaenda, maana maziwa hayangoji. Papa alibaki palepale. Nilidhani anasali. Baadaye aliingia chumbani, akatoka amevaa ile suti aliyopanda nayo kilimani, tope lake nimelitoa lakini alama zimebaki magotini. Alimwambia Michel afunge duka. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Matanga," alisema. "Beba kiti moja. Hapana, wacha. Kule hawana viti."

Tulipanda moto mbili, pikipiki za kukodi, hadi Lushebere. Kambi iko mteremkoni, mahema meupe yamegeuka rangi ya udongo, na watoto walitufuata mpaka wakaitwa na mama zao. Wengine walikuwa bado na ngozi inayobambuka mashavuni. Watu walimtambua Papa, ni yeye aliyewauzia misumari ya vyoo vyao, na walishangaa. Tuliuliza hema la mama Rukundo. Yeye alikuwa hajarudi kutoka mjini. Binti yake mkubwa alitutazama, hakujua atukaribishe wapi, ndani kulikuwa na kitanda cha miti na sufuria.

Papa alimwambia asijisumbue. Alikunja koti, akaketi chini mbele ya hema, miguu imenyooshwa, kofia kando. Mimi nikaketi karibu yake. Mzee mmoja wa hema la jirani alitoka, akaangalia, akaja kuketi pia, mbali kidogo, kama amri inavyotaka. Halafu mama mwingine aliyefiwa na mtoto wake. Halafu wengine.  Mama yule alianza kulia kidogo kidogo, kama mtu aliyekuwa anangoja ruhusa.

Saa ya kipindi ilikaribia na nikamnong'oneza Papa kwamba lazima nirudi, leo nilikuwa nimepanga Brazili. Hakuinuka. Nilimpigia Papa Édouard nikamwambia aweke nyimbo.

Nyiransabimana alitokea chini ya mteremko na kidumu kitupu. Aliona watu mbele ya hema lake, akasimama. Nafikiri kwanza aliogopa kwamba kuna mwingine aliyekufa. Papa aliinuka kwa shida, mkono mmoja chini, akamngoja amesimama, kofia kifuani, kama anavyongojwa mwenye msiba. Alipofika, Papa alisahau amri zote. Alimpa mikono yake miwili.

"Pole, mama Rukundo," alisema. "Tumechelewa."